Bahasha ya mapovu au vipande viwili vya boksi? Tathmini ya vifungashio vya majarida ya katuni, kutoka Tabora

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku jarida liko mezani na mteja ameshalipa. Kwa kutuma majarida ya katuni ya zamani kutoka hapa Tabora, sijapata kifungashio kinachoshinda vipande viwili vya boksi la kawaida, vilivyokatwa kwa kipimo, mawimbi yake yamepishana, jarida limelala katikati ndani ya kifuko angavu. Bahasha ya mapovu siipendekezi kabisa ikiwa peke yake. Bahasha ngumu za kuagiza ni nzuri, ila kwa majarida yetu zina tatizo la kipimo. Na kulamineti ni kuliua jarida, hilo nitalieleza zaidi.

Mimi nauza vitabu na majarida yaliyotumika, huku Isevya. Wanafunzi wananunua vitabu vya kiada, wazee wananunua riwaya, lakini siku hizi kuna watu wananitafuta kwa simu kutoka Dar, Arusha, Mwanza hadi Nairobi, nao wanataka katuni tu. Wanataka nakala za zamani za Sani, jarida letu la katuni, enzi za wahusika wake akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na zile za Kimarekani ambazo mara mojamoja zinashuka kwenye marobota ya vitabu vya mitumba. Sani lilikuwa linasomwa na mtaa mzima. Linaazimwa, linarudi jalada limelegea, linaazimwa tena, mwisho linafungiwa karanga. Ndiyo maana lililobaki na jalada lake na kona zote nne lina watu wanaolitafuta kwa udi na uvumba, na ndiyo maana inaniuma sana likiharibika njiani baada ya kusalimika miaka yote hiyo.

Mkusanyaji halitazami jarida kama msomaji wa kawaida. Anaanza na kona, anakwenda kwenye mgongo, anatazama pini kama zina kutu, kisha analiinamisha kwenye mwanga aone kama jalada lina mkunjo. Mkunjo uliopasua wino unaonekana kama mstari mweupe, na mstari huo haufutiki. Marekani wamefikia hatua ya kuyapa majarida alama kutoka 0.5 hadi 10, na kila mkunjo unashusha bei. Nakala ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza na kuuzwa kwa senti 10, iliuzwa kwa dola milioni 6 mwezi Aprili 2024 ikiwa na alama 8.5. Katuni zetu hazijafika huko, lakini jicho la mnunuzi wa Arusha anayelipa kwa simu ni lilelile. Amelipia kona nne nzima, anatarajia kona nne nzima.

Sasa bahasha ya mapovu. Niliwahi kununua jarida kwa muuzaji mmoja wa Dar, sitamtaja. Picha alizonitumia zilionyesha jalada safi kabisa. Likanifikia limeviringishwa, limebanwa na mipira miwili ile ya kufungia noti, likatiwa ndani ya bahasha ya mapovu. Mipira ilikuwa imeng'ata kingo za jalada na kurasa kadhaa za ndani, na karatasi ilishazoea mviringo. Nililiweka chini ya makamusi kwa siku kadhaa likanyooka mwili, ila alama za mipira zipo mpaka leo. Nilipomwandikia alinijibu, "Dada, mbona nimeweka bahasha ya bei?" Na ni kweli, bahasha yenyewe ilikuwa nzuri. Mapovu yanafaa kwa glasi, kwa simu, kwa kitu kinachovunjika kikigongwa. Jarida ukiligonga halivunjiki. Adui yake ni kupinda, na bahasha ya mapovu inapinda pamoja nalo bila ubishi. Tangu siku hiyo, nikipokea swali la mtu anayetaka kutuma jarida, swali langu la kwanza kwake ni moja: hicho ulichofungia kinapinda?

Tuanze na kilicho karibu na jarida, yaani kifuko. Vifuko angavu vya kuhifadhia nyaraka vipo steshenari nyingi za mjini. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa hiyo hivi vya nyaraka bado unavipata. Ila plastiki si moja. Ile laini, nzito kidogo, yenye harufu kali ya viatu vipya vya plastiki mara nyingi ni PVC. Hiyo baada ya muda inatoa kemikali zake, inang'ang'ania wino, na siku ukilitoa jarida unaona picha imebaki kwenye plastiki. Unayoitaka ni polipropilini au polietilini: nyepesi, haina harufu, polipropilini ikikunjwa inalia kidogo kama karatasi ya pipi.

Kama harufu haikutoshi kuamua, kuna kipimo cha moto. Ufanyie nje, kwenye hewa, maana moshi wake ni mbaya. Chukua kipande cha waya wa shaba uliovuliwa ganda, ushike kwa koleo, uuchome mpaka mwali usiwe na rangi yoyote ngeni. Uguse waya wa moto kwenye pembe ya kifuko kimoja cha mfano, kiasi kidogo kiyeyuke na kushika, kisha urudishe waya kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani, hiyo ina klorini ndani yake, yaani PVC, na isikaribie jarida lako. Usipogeuka, endelea.

Kipimo ndipo wengi wanaoagiza kutoka nje wanapopoteza pesa. Vifuko vya katuni vinavyouzwa na Wamarekani vimetengenezwa kwa kitabu chao cha katuni, ambacho kwa siku hizi kina upana wa takribani sentimita 17 na urefu wa 26. Vile wanavyoviita vya majarida vina upana wa takribani sentimita 22 na urefu wa 28. Jarida la kipimo cha A4 lina 21 kwa 29.7. Upana unaingia vizuri, kisha kichwa kinatokeza juu, na kichwa kinachotokeza ndicho kitakachochanika. Bahasha ngumu za kuagiza nazo zina ugonjwa huohuo: nyingi zimekatwa kwa katuni ya Kimarekani. Kwa mtu anayetuma katuni za Kimarekani tu, zinafaa. Zina ugumu wa kutosha na zinafungika vizuri. Kwa anayetuma majarida yetu, shika rula kwanza, pima jarida lenyewe, ndipo uagize. Majarida yetu hayana kimo kimoja, hata yale ya jina moja yalibadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Kulamineti. Pale steshenari kuna kijana anayenihudumia, mtu mwema sana, na kila akiniona na jarida mkononi ananiuliza, "Mama, nikulaminetie? Lisichakae." Namwambia, "Hapana mwanangu, hili halilaminetiwi." Anauliza kwa nia njema, kwa sababu hapa kwetu kila cheti cha maana kinalaminetiwa, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha kidato cha nne. Lakini mashine ile inayeyusha gundi kwa joto na kuibandika kwenye karatasi moja kwa moja. Huwezi kuirudisha nyuma. Na jarida lina kurasa na pini. Ukilamineti jalada peke yake maana yake umelitoa kwenye mwili wake. Kwa mkusanyaji thamani imekwisha hapohapo. Nimewahi kuletewa jalada zuri la miaka ya themanini limelaminetiwa, mwenyewe akiamini amelitendea mema, na ilinibidi nimwambie ukweli kwa upole kwamba hilo alitundike ukutani nyumbani kwake, kuliuza haitawezekana.

Ndani ya kifuko, nyuma ya jarida, panahitaji karatasi ngumu ya kulishika. Ubao maalumu usio na asidi ndio bora, na kama jarida litakaa kabatini miaka, tafuta huo. Kwa safari ya siku chache, manila nyeupe ya steshenari inatosha. Nawaandikia wateja wangu wazi kwamba manila hiyo ni ya safari tu, wakifika waitoe, kwa sababu karatasi ya kawaida ina asidi inayohamia kwenye jarida na kuharakisha ile rangi ya kahawia. Karatasi ya gazeti yenyewe tayari ina tatizo hilo, haihitaji kusaidiwa.

Angalia sana gundi ya mdomo wa kifuko. Vifuko vingi vina utepe wa gundi kwenye kifuniko, na wakati wa kutoa jarida utepe huo unalamba jalada na kung'oa wino. Mimi nakunja kifuniko nyuma na kukibana kwa kipande kidogo cha maskini tepu, ile ya mafundi rangi, kwa sababu inatoka bila kuchana. Ncha yake naikunja iwe kama ulimi, mpokeaji aishike kwa vidole bila kutafuta kisu.

Tukifika kwenye boksi, hapa ndipo nitakapokaa. Boksi la kawaida, ukilitazama ubavuni, lina karatasi mbili bapa na katikati yake karatasi iliyojikunja mawimbi. Mawimbi hayo yanakwenda upande mmoja. Ukijaribu kulipinda boksi kukata mawimbi, linakataa. Ukilipinda kufuata mawimbi, linakubali kirahisi. Kwa hiyo kata vipande viwili: kimoja mawimbi yasimame, kingine mawimbi yalale. Ukivibana pamoja, kila upande mmoja unapotaka kupinda mwingine unaukatalia. Siri yote ya kazi hii ni hiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko soda.

Vipande vizidi jarida kwa sentimita tatu kila upande. Kifurushi kikianguka kwa kona, kitakachobonyea ni boksi, kona ya jarida bado iko ndani kabisa. Weka jarida lililo kwenye kifuko katikati ya kipande cha kwanza, ulishike kwa vipande vinne vya maskini tepu vinavyovuka pembe za kifuko. Tepu iguse kifuko na boksi tu, jarida isiliguse kamwe. Funika kwa kipande cha pili, kisha selotepu pana kuzunguka pande zote nne. Usikaze kwa nguvu mpaka boksi libonyee katikati, maana utakuwa umelibana jarida mwenyewe. Kisha tikisa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Likiwa kimya, shika kingo mbili ujaribu kupinda kwa mikono. Likikubali kwa mikono yangu mimi, chini ya gunia la mchele litakubali zaidi.

Boksi la kukata chagua kwa pua. La sabuni linahamisha harufu, na jarida linalonukia sabuni ya unga mteja anaona limeoshwa. La mafuta ya kula mara nyingi lina doa usiloliona mpaka lipate joto. Mimi nachukua maboksi ya rimu za karatasi kutoka kwa wachapaji wa mjini: ni masafi, makavu, na hayana harufu. Mtu akinunua majarida mengi ya A4 kwa mpigo, boksi lenyewe la rimu linafaa kama lilivyo, maana lilitengenezwa kwa kipimo hicho. Naweka kipande cha boksi chini, kingine juu, na nafasi yoyote inayobaki naijaza kwa karatasi zilizofinyangwa mpaka hakuna kinachosogea.

Mvua inabadilisha hesabu. Tabora mvua zinaanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili, na boksi likinywa unyevu linapoteza ugumu wake wote, linakuwa laini kama mkate uliolowa. Kwa miezi hiyo nafunga nailoni kuzunguka vipande vya boksi, ndani ya bahasha ya kaki ya nje. Jarida lazima liwe kavu kabla hujalifungia, la sivyo umefungia unyevu pamoja nalo. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu navitunza, naweka kimoja kati ya nailoni na boksi, mbali na karatasi.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo muuzaji wa Arusha halifikirii: asali. Kampuni moja ya mabasi ilipokea kifurushi changu kikiwa kimefungwa vizuri, kikapangwa kwenye buti chini ya madumu ya asali, na dumu moja halikuwa na kifuniko cha uhakika. Mteja wa Mwanza alinipigia video akifungua. Bahasha ya nje ilikuwa imeganda na nailoni, yeye mwenyewe akidhani kila kitu kimekwisha. Nikamwambia, "Kaka, osha mikono kwanza, halafu kata nailoni pembeni." Boksi la ndani lilikuwa kavu. Jarida lilitoka safi. Tangu hapo nailoni naiweka hata kiangazi, kwa sababu asali haina msimu kwenye buti za mabasi ya Tabora.

Kuhusu njia ya kusafirisha, basi ni la haraka na linafaa kwa mteja anayeweza kwenda stendi siku hiyohiyo. Tatizo lake ni kwamba kifurushi kinalala na kila kitu kilichopanda, na ukiuliza kimefikaje mara nyingi jibu linategemea kondakta ni nani. Kwa wateja wa Kigoma treni ni njia nzuri, reli hii ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bado inabeba. Jiandae tu na vumbi, na nailoni ya nje inalimaliza.

Kwa jarida lenye thamani napeleka Posta, kwa rejista au EMS, ile huduma yao ya vifurushi vya haraka. Ninacholipia pale ni namba. Kifurushi kina namba, kinasainiwa kila kinapopokelewa, na mteja akiniuliza kiko wapi nina cha kumjibu. Muda ni mrefu kuliko basi, na foleni ya dirishani inategemea umefika saa ngapi. Mimi nakwenda asubuhi na mapema. Kuna jambo moja la kuzingatia kuhusu masanduku. Watu wengi wanapokea kwa S.L.P., na bahasha bapa inayokaribia kuenea kwenye sanduku ina kishawishi cha kukunjwa ili iingie. Kifurushi kikiwa kipana kuliko mdomo wa sanduku, mwenye sanduku anakuta kikaratasi cha taarifa na anakwenda kukichukua dirishani kikiwa kizima. Zile sentimita tatu za ziada kila upande zinasaidia na hapo pia. Andika USIKUNJE kwa maandishi makubwa pande zote mbili, haidhuru, lakini usiyategemee maandishi kufanya kazi ya boksi.

Kwa Nairobi na kwingineko nje ya nchi utajaza fomu ya forodha, CN 22 kwa kifurushi kidogo, CN 23 kwa kikubwa au chenye thamani ya juu. Andika ukweli: majarida ya katuni yaliyotumika, idadi, thamani uliyouzia. Kifurushi kidogo cha barua za kimataifa kikomo chake ni kilo 2, na boksi lina uzito wake, kwa hiyo pima kikiwa kimeshafungwa. Usifunge kwa selotepu kila mahali kama huna uhakika; watu wa forodha wakitaka kuona ndani watakata, na ni heri wakate mahali ulipopachagua wewe.

Hilo la kukata linamhusu mpokeaji pia. Mtu amesubiri jarida kwa hamu, anachukua kisu cha jikoni na kupasua katikati ya boksi, moja kwa moja juu ya jalada. Kwa hiyo juu ya kila kifurushi nachora mstari mwekundu ukingoni, ndani ya zile sentimita tatu ambako hakuna jarida, naandika KATA HAPA, na kwenye simu namtumia picha ya mstari huo kabla kifurushi hakijafika.